Sarafu Yenye Kosa la Kuzaliwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimevamiwa. Hata kibanda sijafungua, binti yangu amepiga simu kunijulisha kwamba Jumamosi mjomba wake atakuja na pikapu kuchukua mashine ya kufulia. Eti nepi za mtoto ni nyingi. Eti mama amesema mashine huku imekaa bure.

Nikamuuliza mama mwenyewe yuko wapi hata asiniambie kwa mdomo wake. Akasema anamwogesha mtoto. Mtoto huyo huogeshwa kila ninapopiga simu. Sidhani duniani kuna mtoto msafi kuliko mjukuu wangu.

Nieleze kidogo, kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa. Mke wangu alikwenda kwa binti kumsaidia uzazi. Alisema wiki sita. Mtoto sasa anatambaa. Aliondoka na begi moja, na ufunguo wake wa nyumba akausahau kwenye msumari nyuma ya mlango. Mimi ni mchonga funguo, sikuona neno. Watu wasingesahau funguo ningekula nini?

Lakini hili la mashine ni jingine. Anayekusudia kurudi huacha kitu kizito nyuma yake. Anayetuma watu waje kukibeba, huyo harudi. Mashine ikishuka ngazi, mke wangu ameshuka nayo.

Kwa hiyo haishuki!

Halafu mbebaji mwenyewe ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi wa majokofu, mjuaji wa kutupwa. Miaka yote akija kututembelea hukaa kimya, anainamisha kichwa, kisha anasema: shemeji, mashine yenu inagonga, niache niifungue robo saa tu. Kweli ilikuwa inagonga. Ikizunguka inasema ko, ko, ko. Mke wangu alilalamika. Nikamwambia kila kitu kikizeeka kinagonga, hata magoti yake. Nikamwambia kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Akasema mlango haufui nguo. Basi nikamwambia haigongi, ni masikio yake. Ningefanyaje? Kumruhusu shemeji aifungue ni kumpa cha kusimulia ukoo mzima mpaka siku ya kufa kwangu.

Nimepata mpango. Nitaiua mashine kabla ya Jumamosi. Hakuna mtu anayebeba maiti ghorofa tatu kwenda chini.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama, na kiuno mpaka sasa hakijanyooka.

Nilifunga kibanda mapema. Nikaisogeza mashine kutoka ukutani, nikafungua mgongo wake kwa bisibisi, nikatoa mkanda unaozungusha pipa. Kazi safi. Mkanda nimeuficha kwenye droo ya soksi. Kisha nikafikiri: shemeji ni mjuaji, upungufu wa mkanda atauona hata akiwa amefumba macho. Lazima nimwachie na ugonjwa wa pili. Nikaingiza mkono ndani ya pipa kutafuta cha kuharibu.

Ndani ya pipa kuna mbavu za plastiki zinazogeuza nguo. Chini ya ubavu mmoja kuna mwanya. Nikachokoachokoa kwa ufunguo mtupu, usiochongwa bado. Kikatoka kifungo cha shati langu la harusi ya binti. Kikatoka kibanio cha nywele cha mke wangu. Ikatoka sarafu.

Kibanio nimekitundika kwenye msumari pamoja na ule ufunguo. Vinapendeza vikiwa pamoja.

Sasa hiyo sarafu! Niliitazama mara moja nikajua ajali imenikuta, lakini ajali ya heri. Ni ndogo kuliko wenzake wa aina yake. Ukingo wake mnene, umevimba kuzunguka kote, kama mdomo wa mtu aliyenuna. Maandishi ya pembeni yameliwa nusu. Yule ndege wa upande wa nyuma hana miguu. Nikaiweka juu ya sarafu ya kawaida kutoka mfukoni mwangu: ikazama ndani, nyingine ikabaki imeizunguka kama sahani na kikombe.

Niliwahi kusoma gazetini habari za sarafu iliyotoka kiwandani na kosa. Mwenye nayo alinunua nyumba. Kumbe kosa likifanywa na kiwanda ni mali! Likifanywa na mimi ni ugomvi.

Imeingiaje kwenye mashine? Bila shaka kupitia mfukoni mwa suruali. Mimi hupokea chenji siku nzima. Imepita mikononi mwangu, mimi mtaalamu wa vyuma, sikuiona. Basi yamepita.

Mpango wa zamani umefutwa. Mpango mpya: nauza sarafu, nanunua mashine mpya isiyopiga hata kelele, yenye mlango wa kioo. Naifunika kitambaa. Nampigia mke wangu simu namwambia kuna kitu aje akione. Nani atakataa?

Nimekula mkate na chai. Nimetoa vikombe viwili kabatini. Mkono tu umezoea.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku ya sayansi. Nimeipima sarafu kwa kalipa yangu ya funguo: kipenyo kimepungua, unene wa ukingo umezidi. Nimeijaribu kwa sumaku: inashika sawasawa na nyingine. Mfamasia wa jirani na kibanda akanipimia kwenye mizani yake ya dawa, huku ananiangalia kana kwamba mimi ndiye ninayehitaji dawa. Uzito ni uleule wa sarafu ya kawaida, pungufu ya chembe. Yaani ndogo kuliko wenzake lakini nzito sawa nao. Nani anaweza kufanya muujiza huo kama si kiwanda?

Kisha nikaisugua kwa dawa ya kung'arishia makufuli. Ikawaka! Mtu hapeleki binti kuposwa na masizi usoni.

Mchana nikaenda kwa Bwana Lenzi. Ndivyo anavyoitwa na kila mtu, sijui mama yake alimwitaje. Ana meza yake kwenye pembe ya duka la miwani, anauza stempu na sarafu kuukuu, na lenzi moja imefungwa kwenye paji la uso wakati wote. Nikamwekea sarafu mezani. Hakuigusa. Kitu cha kwanza alichouliza ni nani aliyeisugua. Nikasema ilizaliwa inang'aa. Akasema kuisugua sarafu kabla ya kuionyesha ni kama kumpaka mgonjwa poda kabla daktari hajamwona.

Kisha akanipa darasa ambalo sikuliomba. Eti sarafu zina makosa ya aina mbili: ya kuzaliwa nayo na ya ukubwani. Ya kuzaliwa ni yale yaliyotokea kiwandani, na hayo ndiyo yenye thamani. Akanionyesha moja iliyoumwa pembeni kama biskuti, kwa sababu kisahani chake cha chuma, kabla ya kupigwa chapa, kilikatwa kwenye bamba mahali palipokuwa na tundu tayari. Nyingine tarakimu za mwaka zina kivuli, kwa sababu chapa yenyewe ilichongwa mara mbili bila kulingana. Nyingine picha imekwenda upande, nusu ya uso ni tupu kama mwezi mchanga. Makosa ya ukubwani ni yale ya mtaani: kugongwa nyundo, kukanyagwa na gari, kuungua. Hayo hayana bei. Akasema kila alama uiulize swali moja: mtambo gani kiwandani ungeweza kukufanya hivi? Usipopata mtambo, basi jeraha ni la mtaani.

Nikiwa pale nikajifikiria mimi mwenyewe. Makosa yangu yote ni ya kuzaliwa. Ubishi nimezaliwa nao, kutoshaurika nimezaliwa nako. Kumbe nina thamani! Ingawa mke wangu alikuwa akisema kwamba alipoolewa nami nilikuwa mtu msikivu sana. Hiyo ni hoja ya upande wa pili, naiacha.

Kuhusu sarafu yangu akasema rai anayo, lakini heri kuonyesha kuliko kusema. Nimwachie mpaka kesho jioni, wapenzi wa sarafu wanakutana kwenye chumba cha nyuma ya maktaba, nami nikaribie.

Nimwachie! Mimi mtoto wa jana? Nikamwambia nakwenda kujisaidia, nikatoka nayo. Nje, kwenye kibaraza, nikatoa tupa yangu ndogo. Katika kazi yetu kila fundi ana alama yake. Mimi kila ufunguo ninaouchonga nauwekea mkato mdogo kwenye bega, ili mteja akinirudishia ufunguo mbovu nijue kama ni wangu au wa yule tapeli wa kituo cha mabasi. Nikaiwekea sarafu mkato wangu ukingoni. Sasa Bwana Lenzi abadilishe aone! Nikarudi ndani nikamkabidhi kwa tabasamu.

Akaipokea, akaiangalia, akaniangalia. Hakusema neno. Mwizi aliyebanwa huwa hana la kusema.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Sitaki kuandika habari za leo. Naandika kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Chumba cha nyuma ya maktaba kina viti vya plastiki vilivyopangwa duara, na birika kubwa. Kila aingiaye anapewa chai bila kuulizwa kama anataka. Nimekunywa vikombe vitatu kabla hata ya mkutano kuanza. Mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, mkusanyaji wa sarafu zenye picha za wanyama, akanisogezea kiti karibu na chake, akaniuliza nyumbani hawajambo. Nikajibu hawajambo. Sikusema uongo. Hawajambo kabisa, ila hawapo nyumbani.

Bwana Lenzi akasimama na mkebe wa biskuti. Akasema leo tuna mgeni, na mgeni ametuletea kitu. Nikaweka kikombe chini, nikakunja mguu juu ya mwingine, mkao wa mwenye mali.

Akaweka sarafu yangu juu ya kitambaa cheusi. Kisha akafungua mkebe, akamwaga nyingine kando yake. Zilikuwa kama kumi na kitu. Zote ndogo kuliko kawaida, zote ukingo umevimba, zote zimenuna. Ilikuwa kama kukuta nimealikwa kwenye mkutano wa ukoo wangu bila kujua kama nina ukoo.

Akasema hizi wao huziita watoto wa mashine. Sarafu inasahauliwa mfukoni, inaingia kwenye mashine ya kufulia, inanasa kwenye mwanya chini ya mbavu za pipa. Kila nguo zikifuliwa na kukaushwa, inabingirika, inajigonga, inabingirika. Haipotezi chuma, chuma kinasukumwa tu kutoka pembeni kuelekea ndani. Ndiyo maana inasinyaa na uzito hauondoki. Akasema hakuna mtambo wa kiwandani unaoweza kufanya hivi, kwa sababu sarafu ikipigwa chapa huwa imebanwa ndani ya pete ya chuma, haiwezi kuvimba wala kusinyaa. Huchukua miaka. Kosa la ukubwani, akasema, lililofanywa taratibu sana nyumbani kwa mtu.

Nikasema kwa sauti kwamba yangu ni tofauti, ina alama ya pekee ukingoni. Laiti ningenyamaza! Akasema alama hiyo ameiona, ni ya tupa, na ni ya jana. Kisha akatoa funguo zake mfukoni, akachagua ule wa duka, akauweka kando ya sarafu. Mkato uleule, mahali palepale. Mwaka jana nilimchongea mwenyewe.

Walicheka. Si kicheko kibaya. Mama wa sarafu za wanyama alicheka mpaka akanishika bega, na sikuwa nimeshikwa bega na mtu siku nyingi, kwa hiyo sikukasirika ipasavyo.

Halafu Bwana Lenzi akaniuliza, kwa upole, kama nyumbani nina mashine ya kufulia inayogonga.

Nikasema sina. Nikasema mke wangu ameondoka nayo.

Kicheko kikakatika. Yule mama akanimiminia kikombe cha nne. Nilitoka nikasahau sarafu yenyewe mezani.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kibanda kilifunguliwa, wateja walikuja. Mteja wa funguo anasimama kwa muda wa kuchonga ufunguo mmoja, kisha anaondoka. Mashine ya kuchongea inapiga kelele, hakuna anayezungumza. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo.

Niliporudi nyumbani nikatoa mkanda kwenye droo ya soksi, nikaurudisha mahali pake. Nilitaka tu kuhakikisha kwamba Bwana Lenzi ni mwongo. Nikawasha mashine tupu, pipa likaanza kuzunguka. Nikapiga goti, nikaweka sikio kwenye bati.

Kimya. Hata ko moja haikusikika. Mashine imekuwa laini kama siku tuliyoinunua, alipoifuta na upande wa kanga yake kabla hata mpagazi hajaitua.

Niliizima, nikaiwasha tena. Kimya. Nikaweka taulo ndani, labda inataka uzito. Kimya na taulo.

Zamani nikirudi kazini nikifika ghorofa ya pili nilikuwa nasikia ko, ko, ko kutoka juu, najua yupo. Kama ni haraka haraka, anakausha. Kama ni polepole, ndiyo kwanza anafua, basi chakula bado. Nilikuwa nazijua saa zote za nyumba yangu kwa kelele hiyo. Leo nimekaa sakafuni mbele ya mashine mpaka taulo likakauka, na sikusikia kitu chochote isipokuwa bomba la jirani.

Nimemkumbuka mke wangu. Haya, nimeandika. Nimemkumbuka mpaka tumbo linauma, na si njaa, kwa maana nilipika cha watu wawili nikala chote. Nyumba ina vyumba viwili tu na imekuwa kubwa, sijui inawezekanaje.

Hata hivyo ieleweke kwamba sikuwahi kukataa kabisa kuwa inagonga. Nilisema ni tabia yake. Kuhusu masikio nilisema mara chache.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Balaa! Nilipitiwa na usingizi pale sakafuni nikasahau kuutoa mkanda tena. Nimeamshwa na shemeji anagonga mlango, ana kamba begani na kigari cha magurudumu mawili, na uso wa mtu aliyekuja kuzika.

Nikamwambia mashine imekufa. Akasema ngoja nimwone marehemu. Akachomeka waya, akabonyeza. Marehemu akaamka, akazunguka. Shemeji akainamisha kichwa kama kawaida yake. Akangoja, kisha akainamisha upande wa pili. Akaniuliza, shemeji, nani ameifungua hii? Nikasema mimi. Akasema wewe? Nikasema mimi. Alikaa juu ya kigari chake.

Kabla sijamzuia amempigia dada yake. Nikamsikia anasema dada, huwezi kuamini, imenyamaza. Akaamini? Hakuamini. Akasema simu iwekwe kwenye mashine asikie mwenyewe.

Basi shemeji akaishikilia simu juu ya bati, na mimi nikasimama kando, na mke wangu huko aliko akaisikiliza mashine. Aliisikiliza kwa muda mrefu. Binti naye kila Jumapili huniwekea simu kwenye pua ya mtoto nisikie anavyopumua, nami husikiliza hivyohivyo, bila kusema.

Kisha akaomba nipewe simu mimi. Mimi mwenyewe! Sauti yake imekuwa nzito kidogo, nadhani ni mafua ya mtoto. Akaniuliza kilikuwa nini. Nikasema sarafu. Akaniuliza ilinijiaje kufungua. Sikuona sababu ya kumsumbua na habari za mkanda. Nikamwambia nililifikiria lile jambo kwa muda mrefu, nikaona uchungu wake.

Halafu akasema neno ambalo naliandika kama alivyolisema, ingawa sijui amelitoa wapi. Alisema kelele haikumchosha kamwe, mtu huzoea kelele. Kilichomchosha ni kuambiwa haipo.

Nikasema ndiyo.

Akasema nimwambie ndugu yake aiache mashine ilipo. Akasema Jumatano atakuja yeye mwenyewe, na mtoto, na nguo zake chafu, aje aone. Nikamuuliza, akishaona je? Akasema tutaona. Kisha akauliza kama ufunguo wake uko bado pale alipouacha. Nikasema upo pale alipousahau. Akasema, baba, sikuusahau.

Anakuja Jumatano!

Shemeji amekunywa chai. Akiondoka, akaniambia kwenye ngazi kwamba kazi ni nzuri, ila yeye angetumia robo saa. Mwenye wivu ajinyonge kwa kamba yake mwenyewe, anayo begani.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Maandalizi. Nimefagia hata juu ya kabati. Nimefua mashuka, mashine inazunguka kimya mpaka inatisha. Kibanio nimekitoa kwenye msumari, nikakirudisha, nikakitoa. Nimekirudisha.

Bwana Lenzi amekuja kibandani. Ameniletea sarafu yangu kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Akasema haina bei, lakini nikae nayo, kitu kama hiki kina hadithi yake, na hadithi ni ya mwenye nyumba. Akasema Alhamisi nirudi, nije na sarafu au nisije nayo. Yule mama ameniulizia. Nilisema nitatazama ratiba yangu, ambayo ni tupu kabisa.

Alipokuwa akigeuka kwenda, akasema jambo dogo. Eti kuna mwalimu mmoja wa shule ya ufundi amewahi kumwomba watoto wa mashine wachache, awaonyeshe wanafunzi jinsi chuma kinavyosukumika. Humpa bure. Hazina maana nyingine, akasema.

Nimelifikiria hilo siku nzima, hata nimechonga ufunguo mmoja kinyume. Mwalimu anazitafuta! Na mtu anayesema kitu hakina bei, kwa nini akirudishe kwa miguu yake mpaka kibandani? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapana, methali hiyo inaniangukia upande mbaya. Naifuta.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimeelewa kila kitu! Nashangaa ilichukua muda huu wote.

Kosa langu lilikuwa la kiufundi tu. Kwanza niliisugua. Pili niliweka alama. Tatu nilikwenda kwa mtu ambaye nimemchongea ufunguo. Sarafu yenyewe haikuwa na neno. Shule za ufundi ni nyingi, walimu ni wengi, na kila mwalimu ana darasa zima la wanafunzi wasioamini kitu mpaka wakishike. Bwana Lenzi analala juu ya biashara, hana habari. Na mimi nina kiwanda. Kiko sebuleni, kimechomekwa kwenye umeme!

Nimekusanya sarafu zote kibandani, wakubwa kwa wadogo. Nimezipenyeza kwenye mwanya chini ya mbavu za pipa, moja moja, mpaka mbavu zote tatu zimejaa. Zimeingia vizuri, kiasi kwamba hata kwa ufunguo mtupu hazitoki tena, nimejaribu. Haina neno. Bwana Lenzi alisema huchukua miaka. Mtoto mchanga ndani ya nyumba, nepi asubuhi na jioni, tutamaliza nusu ya muda.

Nimewasha kujaribu.

Lo! Ko haikuwa peke yake. Ko, koko, kokoko, halafu kishindo kama mtu anashuka ngazi na sufuria. Bati linatetemeka. Jirani amegonga ukuta. Nilikwenda mpaka ghorofa ya pili kusikiliza kutoka pale, na inasikika vizuri kuliko zamani. Nilisimama kwenye ngazi, machozi yakanilengalenga. Nyumba imechangamka, utadhani ameshafika.

Basi lao linaingia kesho saa nne. Nimemwekea kikombe chake mezani, na maji ya kumwogesha mtoto nimeyajaza. Akiuliza kuhusu mashine, nimeshapanga jibu. Nitamwambia haigongi.